Mfupa wa Ng'ombe Msikivu

Wanaume watatu walikuwa wamesimama kwenye kaunta ya duka la vyombo vya muziki, wakitazama vipande vitatu vidogo kuliko kidole, na hakuna aliyejua achague kipi. Asali alikuwa ameingia dukani hapo kukimbia jua tu. Lakini alipowaona watu wazima watatu wamekunja nyuso juu ya kitu kidogo namna ile, jua akalisahau. Mtu anayejua anachotaka hakuwa na faida yoyote kwa Asali. Mtu asiyejua achague nini, huyo ni shamba lililokwisha kulimwa, linangoja mbegu.

Jina la Asali si la kuzaliwa. La kuzaliwa alilijua dada yake, naye alilitumia siku za hasira tu. Mjini walimpa Asali kwa sababu maneno yake yalimteremka mtu kooni kabla hajapata nafasi ya kuyatafuna.

"Kuna nini, wakubwa?" aliuliza, akiegemea kaunta kana kwamba ameachiwa urithi na baba yake.

Mpiga gitaa la solo wa bendi ya hoteli, mtu mrefu mwenye kucha ndefu mkono mmoja tu, akamweleza. Gitaa lake la umeme lilikuwa linakwama nyuzi. Akizikaza, zinang'ang'ania, kisha zinaruka na kupita pale alipotaka. Fundi amemwambia ugonjwa uko kwenye kile kipande kinachokaa pale shingo ya gitaa inapokutana na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Wapigaji wa mji ule walikiita kizingiti, kwa sababu kila uzi lazima ukivuke ndipo uingie shingoni. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na nyuzi mpaka kimekwisha. Sasa ilimbidi achague kipya, ama cha plastiki, ama cha shaba, ama cha mfupa.

"Mimi nasema shaba," alisema mpiga besi wa bendi hiyohiyo, mtu mnene mwenye huruma na kila kitu. "Shaba haiishi."

"Shaba itakulilia kama kengele ya shule," alisema mwenye duka, ambaye plastiki alikuwa nayo boksi zima. "Chukua plastiki. Magitaa mangapi yana plastiki na watu wanacheza mpaka viatu vinapasuka?"

"Na mfupa je?" aliuliza mpiga solo.

"Mfupa ni mfupa," alisema mwenye duka, na elimu yake juu ya jambo hilo ilikuwa imeishia hapo.

Asali alivikusanya vipande vyote vitatu kiganjani. "Samahani, wakubwa zangu. Mnachagua kwa macho. Tangu lini kitu cha sauti kikachaguliwa kwa macho?"

Akakidondosha cha plastiki sakafuni, kwenye vigae. Kikasema tap, kikanyamaza. Akakidondosha cha shaba, nacho kikalia hadi mwenye duka akageuka kutazama simu yake. "Shaba haijui kunyamaza," alisema Asali. "Wimbo umekwisha, watu wamekwenda nyumbani, yenyewe bado inaongea." Kisha akakidondosha cha mfupa, kikasema ting, sauti fupi, safi, isiyo na deni na mtu. Wanaume watatu wakatazamana.

Hadi hapo, ndugu msomaji, kila alichosema Asali kilikuwa kweli. Alifundishwa na mjomba wake aliyemlea, mpiga gitaa aliyeijua kazi yake. Lakini kwa Asali ukweli ulikuwa ngazi ya kupandia tu, na akishafika juu huipiga teke.

"Ila huu mfupa," akashusha sauti, "ni wa ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa..." mwenye duka akafikiri. "Ng'ombe."

Asali akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Mfupa ni kitu kilichoishi, mzee. Ng'ombe aliyekulia kwenye kelele na kuchapwa, mfupa wake umejaa kelele na kuchapwa. Uweke kwenye gitaa, halafu ushangae kwa nini wimbo wa mapenzi unatoka kama ugomvi wa wapangaji. Watu wanaoijua kazi hii wanatumia mfupa wa ng'ombe msikivu."

"Msikivu?" aliuliza mpiga solo.

"Aliyepigiwa gitaa. Asubuhi na jioni, miaka saba. Muziki unamwingia masikioni, unateremka uti wa mgongo, unakwenda kukaa kwenye mguu wa mbele wa kulia."

"Kwa nini wa kulia?" aliuliza mpiga besi.

"Wewe unapigia mkono gani?"

Mpiga besi akautazama mkono wake wa kulia kwa heshima. Mpiga solo naye alikuwa keshameza mate. Aliuliza vizingiti vya namna hiyo vinapatikana wapi, akaambiwa ni kwa tabu sana. Aliuliza bei, akatajiwa bei ya jozi ya viatu vya ngozi. Hakushtuka. Akasema anataka viwili, kimoja cha gitaa na kimoja cha kuficha, ili mpiga solo wa bendi ya ukumbi wa pili asije akakipata. Msimwonee huruma mtu huyu hata kidogo.

Mifupa yenyewe Asali aliinunua bucha la mtaa wa nyuma, kwa muuza nyama aliyeitwa Taratibu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na kila sentensi yake ilichukua muda kufika, maana ilipumzika njiani. Ukimwuliza nyama ya leo ikoje, huigeukia kwanza akaitazama, ndipo akujibu. Asali alikwisha kumweka kwenye fungu la watu wasio na madhara. Kwa hiyo hakujificha. Alichagua mifupa ya miguu mbele ya macho yake, akaigonga mmoja mmoja kwenye kaunta ya saruji, akategea sikio.

Siku ya tatu Taratibu akauliza. "Kijana. Hiyo mifupa... ya nini?"

"Ya mbwa wa shangazi yangu, mzee."

Nzi wawili wakapita. "Mbwa huyo... anataka inayolia?"

"Amezeeka, mzee wangu. Meno yamekwisha. Mfupa unaolia vizuri haumchoshi."

"Aha," alisema Taratibu, akaendelea kunoa kisu.

Mtu anayebishana nawe unajua amesimama wapi. Mtu anayesema aha akaendelea kunoa kisu, huyo ni wa kukaa naye mbali. Asali hakukaa mbali, kwa sababu mifupa ilikuwa bei rahisi.

Nyumbani alikaa kwa dada yake, fundi cherehani, katika vyumba viwili ambavyo kimoja kilijaa nguo za wateja na kingine kilijaa ahadi za Asali. Huko aliichemsha mifupa, akaikwangua, akaitoa mafuta kwa maji ya sabuni, akaianika kivulini, kisha akaikata kwa msumeno mdogo na kuipiga tupa mpaka ikawa vizingiti. Kazi yenyewe aliifanya vizuri, hilo tumpe haki yake.

"Umechemshia mifupa kwenye sufuria yangu ya chai," alisema dada yake, pini zikiwa midomoni.

"Nimeisugua, dada."

"Na hao watu wakijua ni mifupa ya bucha la nyuma?"

"Watajuaje?"

"Maneno matupu hayavunji mfupa, mdogo wangu."

"Hayauvunji, dada. Ila yanauuza."

Dada yake hakucheka. Alinyoosha pini kuelekea ukutani, juu ya kitanda cha Asali, palipoangikwa gitaa la umeme jekundu lililofifia mpaka likakaribia rangi ya matofali. Lilikuwa gitaa la mjomba. Mjomba alilipigia bendi miaka ishirini, na kizingiti chake alikichonga mwenyewe kutoka kwenye mfupa uliobaki kwenye supu ya Jumapili. Alipougua ugonjwa wa mwisho aliwaita wote wawili, akamwambia Asali, "Mpwa wangu, ulimi wako naujua. Watu wadanganye ukishindwa kujizuia. Lakini juu ya gitaa hili usiseme uongo, na usiliuze."

Tangu hapo Asali alikwisha kuuza saa ya ukutani ya dada yake, kabati la vyombo, na wakati fulani mlango wa choo, ukiwa bado mahali pake. Gitaa hakuligusa. Ilikuwa ahadi pekee aliyowahi kuitimiza maishani, akaitunza kama mtu mwenye jino moja anavyolitunza.

"Mradi hilo libaki hapo," alisema dada yake.

"Dada, hilo litabaki hapo hata nyumba ikiondoka."

Mwezi ukapita, na mji mzima ukawa unapiga gitaa kwenye mifupa ya ng'ombe msikivu. Mpiga solo wa hoteli aliapa kwamba vidole vyake vimepata akili. Yule wa ukumbi wa pili alinunua vitatu. Mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa na gitaa, alinunua kimoja akakiweka mfukoni, na akasema sauti yake ya juu imefunguka. Watu wakitaka kudanganywa hukusaidia kazi.

Ndipo akatokea Mnunuzi. Asali alimkuta duka la muziki, mtu aliyevaa koti kubwa kuliko mabega yake, kofia ya ukindu kichwani na mkoba wa ngozi kwapani. Alikuwa akidondosha kizingiti sakafuni na kukiokota, akidondosha na kukiokota, kwa uso wa mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa.

"Ndiye wewe mwenye mifupa hii?" aliuliza Mnunuzi.

"Kwa neema tu, mkubwa."

"Nasambaza vyombo vya muziki miji saba. Nataka vizingiti mia mbili."

Asali akainama haraka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Lakini nimetapeliwa sana mimi," aliendelea Mnunuzi. "Watu siku hizi si watu. Nataka kwanza nimwone huyo ng'ombe mwenyewe. Akiwa hai. Akisikiliza. Nitapita tena baada ya wiki mbili."

"Hata kesho angekuwa tayari," alisema Asali, "ila kesho anapumzika."

Alikwenda moja kwa moja kwa Taratibu. "Mzee wangu, naomba uniazime ng'ombe. Wiki mbili tu, kwa malipo. Nitamrudisha."

Taratibu alimtazama, akaitazama nyama iliyoning'inia kwenye ndoano, akamtazama tena. "Ng'ombe wangu... hawana kawaida ya kurudi."

"Huyu atarudi. Wala hatatoka hapa, nitakaa naye huko uani kwako."

"Na huyu... wa nini?"

Hapa Asali angeweza kusema lolote. Akili yake ilikuwa imechoka kwa furaha, ikaokota kilichokuwa karibu. "Ni yule mbwa wa shangazi. Ana upweke."

"Aha," alisema Taratibu.

Basi akapewa ng'ombe jike, wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni na pembe moja iliyoinama kama inayotafuta kitu kilichoanguka. Kila asubuhi Asali alilitungua gitaa la mjomba ukutani, akaenda nalo uani kwa Taratibu pamoja na spika ndogo. Alichomoa waya wa friji la nyama akachomeka wa spika, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampigia ng'ombe muziki. Wateja wa bucha walichungulia ukutani, wakachukua nyama yao, wakaondoka wakiwa na mawazo.

Siku ya kwanza ng'ombe alimgeuzia mgongo. Siku ya pili akamgeuzia mgongo na kufanya jambo jingine ambalo msanii yeyote angelichukulia kama maoni. Siku ya nne Asali aliacha nyimbo za haraka akapiga ule wimbo wa polepole ambao mjomba alikuwa akimpigia alipokuwa mdogo na homa haishuki. Sikio moja la ng'ombe likageuka. Siku ya sita akaja mwenyewe, akasimama mbele ya ndoo, akashusha kichwa mpaka pumzi yake ikawa inamgonga Asali kwenye magoti. Wimbo ulipokwisha hakuondoka.

Asali naye hakuinuka kwenye ndoo. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho bila kupapasa mfuko kuona kama pochi bado ipo. Akampigia tena, na safari hii hakukumbuka kabisa kwamba kulikuwa na Mnunuzi.

Siku ya kumi na nne Mnunuzi alifika na kofia yake. Taratibu, walisema, alikuwa amekwenda mnadani. Asali akapiga ule wimbo wa polepole. Ng'ombe akaja, akashusha kichwa, akafumba macho. Mnunuzi akavua kofia. Akapiga goti kwenye matope, akaugonga mguu wa mbele wa kulia kwa kifundo cha kidole, akabandika sikio lake pale muda mrefu sana.

"Miaka saba," alinong'ona.

"Na miezi," alisema Asali.

"Sitaki mifupa," alisema Mnunuzi akiinuka. "Namtaka mzima. Nitajenga jina juu ya ng'ombe huyu." Akataja kiasi. Asali alidhani amesikia vibaya, akaomba arudie, na kiliporudiwa kilikuwa kilekile. Kwa kiasi hicho mtu angeweza kumjengea dada yake duka la cherehani lenye vioo, akamrudishia saa, kabati, na mlango wa choo, na chenji ikabaki. "Kesho saa nne asubuhi naja na lori. Shika hii arubuni kidogo ya kuonyesha nia. Ila nanunua kwa mwenye mali tu. Ng'ombe awe wako, kwa karatasi. Nimekwambia nimetapeliwa sana."

Alasiri hiyohiyo, Taratibu aliporudi, Asali alikuwa tayari anamngojea kwenye ngazi ya bucha. "Mzee wangu, niuzie yule jike."

"Siuzi," alisema Taratibu, na lilikuwa jibu la haraka kuliko yote aliyowahi kumsikia akitoa. "Yule... amesikia muziki."

"Wiki mbili tu, mzee."

"Wiki mbili kwa ng'ombe wa bucha ni nyingi. Wengine hawazifikishi."

Asali akatoa arubuni. Taratibu akaitazama. Akatoa na faida yote ya mwezi mzima ya vizingiti, iliyokuwa kwenye soksi. Taratibu akaitazama soksi. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mimi pesa ninazo. Nina hamu moja tu. Tangu utoto wangu... nilitaka gitaa. Baba akanipa kisu. Nipe lile jekundu, uchukue ng'ombe na karatasi yake."

"Lile haliuzwi, mzee."

"Basi."

"Omba kingine chochote."

"Nilikwambia siuzi. Ni wewe umekuja."

Asali alitoka. Akazunguka mtaa mara mbili akiongea na nafsi yake, na nafsi yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa imejifunza kuongea kwake. Ni usiku mmoja tu, ilisema. Kesho saa nne unapokea pesa, saa nne na nusu unalikomboa gitaa kwa bei ya mara tatu. Hujaliuza, umeliegesha. Mjomba mwenyewe angeelewa. Asali aliyasikiliza maneno hayo, yakamteremka kooni kabla hajayatafuna.

Alipolitungua gitaa ukutani, dada yake aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Unalipeleka wapi saa hizi?"

"Kubadilisha nyuzi."

Hapo akawa amevunja nusu ya kwanza ya wosia. Nusu ya pili aliivunja bucha, mbele ya maini na utumbo. Aliweka gitaa mikononi mwa Taratibu, na mikono ile mikubwa ikalipokea kwa uangalifu uliomuumiza zaidi kuliko kama lingetupwa. "Kesho utaniuzia tena, mzee wangu?" aliuliza.

"Kesho," alisema Taratibu, "tutaongea."

Wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Asali aliuziwa ng'ombe mchana kweupe, kwa karatasi yenye sahihi, akamwongoza kwa kamba kupita mitaa miwili na kumfunga mlangoni kwa dada yake.

Saa nne ya siku ya pili ikafika. Ikafika saa tano. Kila gari kubwa lililopita Asali alisimama, akavuta shati, akaketi. Saa sita ng'ombe alikula ukosi wa sare ya mteja, saa saba akala mkanda wa kupimia, na dada mtu akatoka nje akiwa ameshika nusu ya mkanda uliobaki. Akamwita Asali kwa jina lake la kuzaliwa, lote, pamoja na la baba na la babu.

"Gitaa la mjomba liko wapi?"

"Liko bucha."

"Linafanya nini bucha?"

Asali akafungua mdomo. Uongo saba ukaja ukapanga mstari, wote mzuri, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuuchagua hata mmoja. "Nimelibadilisha na huyu," alisema.

Dada yake alimtazama ng'ombe, akamtazama yeye, akaketi kwenye kizingiti cha mlango, akalia kimyakimya akiwa ameushika ule mkanda. Asali angependa kutukanwa. Akafungua kamba, akaelekea bucha.

Nyuma ya kaunta, akikata maini kwa ustadi mkubwa, alisimama Mnunuzi. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano moja na mapafu, na kofia ya ukindu kwenye ndoano ya pili.

"Karibu, mkubwa," alisema Mnunuzi. "Kilo ngapi?"

"Ni shemeji yangu," alisema Taratibu kutoka kwenye kiti chake. Gitaa jekundu lilikuwa limelala mapajani mwake, waya umechomekwa mahali pa friji. "Anakatia nyama miji saba. Amekuja kunisaidia."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na Asali alikuwa mashakani mpaka shingoni. "Ulijuaje?" aliuliza.

"Alikuja mpiga besi wa hoteli," alisema Taratibu. "Mtu wa huruma. Akaomba nyama ya ng'ombe msikivu, mguu wa mbele wa kulia. Nikamwambia sina. Akanisikitikia. Akasema, basi mzee, kazi yako huijui." Ilionekana bado inamuuma. "Miaka thelathini nauza nyama, kijana. Kama ungeniambia ukweli ungekuwa unapata mifupa bure. Ukaniletea mbwa mwenye upweke."

"Mzee wangu. Chukua ng'ombe, chukua na pesa zangu zote. Nirudishie gitaa. Ni la mjomba, alinisihi nisiliuze. Hili si la maneno, mzee, ni kweli."

Taratibu alisimama. Akatoka nje, akapiga goti mbele ya ng'ombe kwa shida ya mtu mkubwa, akaugonga mguu wa mbele wa kulia kwa kifundo cha kidole. Akabandika sikio. Akasikiliza muda wa kutosha mtu kusali.

"Pole," alisema. "Huyu ni plastiki."

Akarudi kitini. Akaweka vidole kwenye gitaa, kimoja baada ya kingine, akatoa sauti tatu za wimbo ule wa polepole aliousikia uani kwa wiki mbili. Ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili ilikaribia, ya tatu haikuwa na uhusiano nazo. Lakini masikio ya ng'ombe yakasimama yote mawili. Kamba ikachomoka mkononi mwa Asali. Ng'ombe alipita mlangoni, akapita kando ya mizani, akapita chini ya kofia, akaenda kusimama mbele ya Taratibu na kushusha kichwa.

"Mie sikumwita," alisema Taratibu. Alimkuna ng'ombe kwenye baka jeupe. "Huyu hachinjwi tena. Jumamosi njoo umpigie, ukitaka. Ile ya tatu hainiingii vidoleni."

Asali akaketi kwenye benchi la nje, mikono ikiwa mitupu. Ndani, Taratibu alirudia sauti zake tatu, na kila alipoikosea ya tatu, vidole vya mkono wa kushoto wa Asali vilijikunja vyenyewe juu ya goti, mahali ambapo ingekuwa sahihi.

Akaja mtu mgeni, gitaa la umeme mgongoni, akitazama vibao vya maduka. "Kaka, samahani. Nyuzi zangu zinakwama. Natafuta kizingiti cha mfupa."

Asali alimtazama. Mgeni alikuwa na viatu vizuri na uso wa mtu asiyejua achague nini. Ulimi wa Asali ukajinyoosha wenyewe, kwa mazoea, kisha ukasita. Akamkumbuka dada yake pale mlangoni.

"Usitoe pesa yako, ndugu yangu," alisema. "Mfupa wowote wa supu unafaa. Uchemshe, ukwangue, utoe mafuta kwa sabuni, uanike kivulini siku tatu, jua litaupasua. Udondoshe sakafuni usikilize. Ukilia safi, chonga mifereji kidogokidogo, uzi upite bila kukwama. Basi. Mjomba wangu alifanya hivyo, na gitaa lake halikuharibika sauti miaka ishirini."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kusema maneno mengi namna hiyo yakiwa yote ya kweli, na yalimchosha.

Mgeni alirudi nyuma hatua moja, akashika mfuko wake wa pochi. "Asante, kaka, ila nimeshaonywa. Wamenambia bucha, mguu wa mbele wa kulia. Wakanambia na hapo nje kuna tapeli mmoja, atakwambia mfupa wowote unafaa."

Akaingia ndani. Asali akasikia mfupa ukigongwa kwenye saruji ya kaunta, ting, halafu ile sauti ndogo isiyo na haraka ikisema kwamba mwenye mfupa huu yuko hapahapa, bado anasikiliza, na kwamba bei ni jozi mbili za viatu.